Aliyewaitikia Wajukuu

Watoto waliacha kukoroma, na bibi yao akakosa usingizi.

Ilianza hivyo, kwa jambo ambalo mtu mwingine angemshukuru Mungu. Nyumba yenyewe ilikuwa Kitengela, upande wa barabara ya kwenda Namanga, siku zile ploti zimepimwa lakini hazijajengwa, unatoka mlangoni unaona punda milia kabla hujamwona jirani. Mwenye nyumba alikuwa Abdiladif, mnunuzi wa ng'ombe, mtu wa kushinda kwenye minada ya Bissil na Mashuuru na kurudi kwake kama mgeni. Mkewe Fosiya alikuwa na duka la vitambaa pale mjini. Aliyebaki na watoto mchana ni Kafiya, mama yake Abdiladif, aliyetoka Garissa na sanduku moja na mkeka mmoja. Wajukuu walimwita Ayeeyo, ndiyo bibi kwa Kisomali, na majirani nao wakamwita bibi kila mmoja kwa lugha yake, huyu Shosho, yule Koko.

Wajukuu walikuwa wawili. Faysa alikuwa na miaka minane, msichana wa mdomo, akikosa mtu wa kubishana naye anabishana na mbuzi. Abdijabar alikuwa na miaka mitano, akimfuata dada yake kila mahali huku akipumulia mdomo. Wote wawili tezi za koo, zile watu huita tonses, zilikuwa zimevimba, usiku nyumba ikinguruma kama kinu cha posho. Wako waliosema koo likatwe na mzee wa kazi hiyo, kwa kisu, kama zamani. Fosiya akakataa. Akawapeleka hospitali Nairobi, wakafanyiwa operesheni siku moja, wakarudi wameegemeana kwenye kiti cha gari kama vifaranga.

Sista alimpa Fosiya karatasi na maneno juu yake. Watoto wasiseme kwa siku saba, hata kunong'ona. Wale vitu baridi. Midomo itanuka, asishtuke. Watalia usingizini, pengine watakojoa kitandani, watang'ang'ania nguo ya mama kama wachanga. Mtoto aliyelazwa kwa dawa hubadilika tabia kidogo, halafu hurudi. Fosiya akaibandika ile karatasi ukutani. Ayeeyo, ambaye hakujua kusoma, aliitazama kama unavyomtazama mgeni aliyepewa kiti chako.

Usiku wa kwanza hakuna aliyekoroma. Ayeeyo aliamka mara tatu kuweka kiganja mbele ya pua zao, na mara zote pumzi ilikuwepo. Lakini kulala hakulala.

Kilichomuuma zaidi ni kule kunyamaza kwa mchana. Kwao mtoto akiitwa huitika, awe anakula, awe anaumwa. Mama yake Ayeeyo alizoea kusema kwamba mwito usioitikiwa hauendi zake, huzunguka nyumba ukitafuta mdomo. Kwa hivyo akapitisha neno: siku hizo saba, atakayewaita watoto, yeye ndiye atakayeitika.

Wakaufanya mchezo. Nthenya, jirani Mkamba aliyekuwa na friji na kuuza barafu za nailoni, alikuja asubuhi na kuita, "Faysa?" Ayeeyo akaitika kutoka jikoni kwa kasauti ka kitoto, kwamba Faysa yuko hapa. Watoto wakashika mbavu, wakacheka bila sauti.

"Shosho, sasa wewe ndio umekuwa mtoto," Nthenya akamwambia.

"Si afadhali mtoto wa kuitika kuliko mzee wa kununa kama wewe."

Siku ya tatu, saa sita mchana, Fosiya alikuwa dukani. Jua lilikuwa limesimama juu ya mabati mpaka yanalia tik, tik. Watoto walikuwa wamejilaza sebuleni, Ayeeyo anapoza uji. Kisulisuli kilikuwa kinatembea kule nje kwenye ploti tupu, kirefu, chekundu, kikibeba karatasi na majani makavu. Mwaka huo mvua zilikataa mara mbili, visulisuli vilikuwa vingi kuliko ng'ombe. Ayeeyo hakukijali.

Ndipo aliposikia langoni, "Faysa."

Ilikuwa sauti ya Fosiya. Ayeeyo akadhani mkwe wake amefunga duka mapema.

"Yuko hapa," akaitika.

"Na mdogo wake?"

"Wote wako hapa. Ingia, mlango uko wazi."

Hakuingia mtu. Ila upepo uliingia, wa moto, ukazunguka sebule na kutulia kama mtu aliyepata mahali pa kukaa. Ayeeyo akatoka na bakuli mkononi mpaka langoni. Lango lilikuwa limefungwa kwa mnyororo, vilevile alivyolifunga asubuhi. Nje vumbi lilikuwa limelala. Kile kisulisuli hakikuwepo tena.

Jioni alimuuliza Fosiya alikuwa amesahau nini nyumbani. Fosiya akasema hajatoka dukani hata kwenda kununua chai.

Tangu siku hiyo watoto wakawa wazuri.

Hilo ndilo Ayeeyo alishindwa kulieleza. Hawakulia usingizini, hawakukojoa kitandani, hawakushika nguo ya mama yao. Faysa, aliyezoea kupigania barafu nyekundu, alimpa mdogo wake. Asubuhi walikunja blanketi wote wawili, pembe kwa pembe, bila kuambiwa. Fosiya alifurahi. Alisema daktari alimwambia mtoto akipata usingizi mzuri hutulia, na kwamba zile kelele zote za Faysa kumbe zilikuwa ni uchovu. Ayeeyo akamwambia midomo ya watoto inanuka. Fosiya akamwonyesha karatasi.

"Mama, hata hapa imeandikwa."

"Imeandikwa inanuka nini?"

Harufu ile haikuwa ya kidonda. Ilikuwa ya ngozi mbichi iliyofungiwa stoo, na chini yake vumbi, kama ile harufu ya ardhi kavu kabla tone la kwanza halijaanguka, ila tone lenyewe haliji.

Siku ya tano Ayeeyo aliepua sufuria ya chai ikiwa bado inatokota, akaiweka chini akatafute vikombe. Aliporudi, Faysa alikuwa ameishika sufuria kwa mikono miwili, amekunywa nusu. Koo ambalo lilikuwa halijapona, koo lililokuwa likikataa hata uji wa vuguvugu, lilimeza chai ya kuchemka kama maji ya mtungi. Akampokeza mdogo wake. Abdijabar akamaliza na majani yake. Kisha wakapangusa midomo, wakaenda kukaa sebuleni wakiutazama mlango, na mvuke ukiwatoka puani.

Ayeeyo hakupiga kelele. Aliketi jikoni akasoma aya alizozijua, akazirudia. Siku ya saba, siku ambayo watoto waliruhusiwa kusema, Fosiya hakwenda dukani. Alikuwa amenunua tende na juisi, akawaketisha, Abdijabar mbele yake, Faysa dirishani akisuka uzi.

"Haya, Abdi wangu, niambie jina lako nisikie sauti mpya."

Mtoto akafungua kinywa. Midomo yake ilitamka, ulimi ukaenda ulipopaswa kwenda. Lakini jina "Abdijabar" lilitoka dirishani, kwenye koo la Faysa, na mdomo wa Faysa ulikuwa umefungwa. Fosiya akageuka. Faysa naye akafungua kinywa kama anayetaka kueleza, na maneno yakatoka mbele ya Fosiya, kifuani mwa mtoto mdogo:

"Tuko hapa, mama. Sisi wote tuko hapa."

Sauti ilikuwa moja tu. Wawili walikuwa wanaigawana kama blanketi.

Fosiya mwenyewe ndiye aliyepanda gari hadi Kajiado mjini, bila hata kubadilisha viatu vya ndani, akarudi na Maalim Haibe. Alikuwa mtu mzima mwenye kikohozi, ambaye hakupenda kazi ya kutoa majini na hakuwahi kuitangaza. Alisoma mbele ya watoto kutoka alasiri hadi magharibi. Walimsikiliza kwa adabu. Alipowanyunyizia maji, maji yalikauka kabla hayajafika chini. Mwisho akamuuliza aliyemo amefuata nini, na ile sauti moja ikajibu bila hasira.

"Sikufuata. Nilipita hapa nikiita kabla ya hizo sengenge. Wenye nchi hii hawakuniitika hata siku moja. Huyu mzee aliniitika. Aliniambia wako hapa, akaniambia niingie. Mgeni akikaribishwa ana kosa gani?"

Fosiya alimtazama mama mkwe wake. Ayeeyo angependa kupigwa kofi kuliko kutazamwa vile.

Maalim akawaambia mlango uliofunguliwa kwa ulimi hufungwa kwa ulimi. Hicho kitu bado kimeegemea ule mwito, na saa sita kitaita tena, kwa sababu ndiyo kamba yake. Kisiitikiwe kwa siku saba, na asiyeitika awe ni yule yule aliyeitika. Kila adhuhuri Ayeeyo akae mlangoni, watoto mbele yake, komeo ndani, naye Maalim atasoma chumba cha pili na Fosiya. Hata akisikia nini, asijibu, asifungue. Siku ya saba kamba itakatika.

"Na watoto?" Ayeeyo akauliza.

"Watabaki."

Siku ya kwanza sauti iliita kama Fosiya, na Fosiya yuko chumba cha pili. Ayeeyo akauma ncha ya mtandio wake. Siku ya pili ilikuja kama Abdiladif, ikasema lori limepinduka njia ya Mashuuru na ameumia. Siku ya tatu ilikuja kama dada yake Ayeeyo aliyekufa Garissa wakati wa shida, ikaomba maji. Ya nne na ya tano sikumbuki nilivyosimuliwa. Ya sita haikusema neno, ilitembea tu kuzunguka nyumba, ikipapasa ukuta kwa kiganja.

Jioni ya siku hiyo ya sita Tajeu alileta maziwa. Tajeu alikuwa Mmaasai wa makamo aliyelisha ng'ombe wake kwenye ploti ambazo hazijazungushiwa. Ayeeyo, aliyekuwa amebeba jambo hilo moyoni peke yake kwa siku nyingi, alimwambia yote pale langoni. Tajeu alisikiliza akitazama ng'ombe.

"Koko, sisi hapa mchana mtu akikuita hauitiki mpaka umuone," alisema. "Hata mtoto anajua."

"Mimi sikujua. Nani angeniambia?"

"Ukweli. Hakuna." Akamimina maziwa, akafunga kibuyu chake. Halafu akauliza kitu ambacho hakuna mtu aliyekuwa amekiuliza, si Fosiya, si Maalim. "Hiyo kitu iko ndani ya watoto. Sawa. Na watoto wenyewe wako wapi?"

"Si hao ndani."

Tajeu aliwapigia ng'ombe mluzi, akaenda zake.

Siku ya saba jua lilikuwa kali kuliko siku zote, na sauti ilipokuja haikuja langoni. Ilikuja mlangoni kabisa, chini, karibu na ardhi, kimo cha mtoto, na kabla haijasema neno Ayeeyo aliisikia pumzi yake, ile pumzi nzito ya kupumulia mdomo aliyoizoea miaka mitano, na nyuma yake pumzi ya pili, na ya pili ilikuwa na kikwaruzo cha koo lililovimba, la zamani, kabla ya hospitali.

"Ayeeyo. Ni mimi Faysa. Tufungulie."

Watoto waliokuwa mbele yake kwenye mkeka wakainua nyuso zao. Walimtazama tu, magoti yamepangana, mikono mapajani.

"Tumezunguka sana, Ayeeyo. Kila siku tunakuja na kuna mtu mkubwa anatuzuia, leo amelala. Miguu inaungua. Abdi hawezi kutembea, nimembeba. Ayeeyo, kile kikombe chako cha maua sio paka alivunja. Ni mimi. Nilizika chini ya tangi. Usikasirike. Fungua tu."

Hapo Ayeeyo akasimama, maana kikombe kile kilikuwa kimepotea tangu Ramadhani na hakuna aliyekuwa na habari zake, na mkono wake ukaenda kwenye komeo bila yeye kuutuma, na kutoka chumba cha pili akamsikia Maalim akiinua kisomo chake na kumwambia kwa ukali asiitike, asiitike, hii ndiyo ya mwisho, na mlangoni mtoto mdogo akaanza kulia kile kilio cha kukatikakatika cha mtu asiyepata pumzi, akiliita jina lake, Ayeeyo, Ayeeyo, na yeye akamgeukia yule Faysa wa mkekani akitafuta usoni mwake kitu chochote, aibu, machozi, ubishi, hata uongo, na yule Faysa wa mkekani akainua kidole polepole akakiweka kwenye midomo yake, kama vile sista alivyowafundisha hospitali, akimwonyesha bibi yake kwamba anyamaze.

Angefungua. Alisema hivyo mpaka siku zake za mwisho, kwamba mkono ulikuwa umeshavuta komeo nusu. Lakini alikuwa amekosea mara moja kwa kuitika, na mtu aliyekosea mara moja kwa mdomo huogopa mdomo wake kuliko nyoka. Akaingiza mtandio wote kinywani, akauma, akakaa chini na mgongo mlangoni. Alihisi viganja viwili vidogo vikipiga mbao nyuma ya mgongo wake. Vilipiga mpaka alasiri. Kisha vikapiga kwa kupumzika, kisha kimoja tu, kisha akasikia miguu ikiburuta changarawe kuelekea kwenye ploti tupu.

Watoto wa mkekani wakashusha pumzi kwa pamoja. Msichana akamgusa goti.

"Vizuri, Ayeeyo," akasema kwa sauti yake.

"Vizuri," akasema mvulana, kwa sauti ya kwake.

Maalim akatoka amelowa jasho. Akawanusa, hawakunuka kitu. Akawanyunyizia maji, maji yakalowesha nguo. Akawauliza majina, kila mtu akajibu kwa kinywa chake. Akainua mikono akashukuru, na Fosiya akaanguka juu ya watoto wake akilia, na wao wakampigapiga mgongoni kwa upole, kwa mpigo mmoja.

Asubuhi Ayeeyo alichimba chini ya tangi. Akavikuta vipande, maua yake bado mekundu. Akaviweka mbele ya Faysa, akamuuliza ni vya nini.

"Sijui, Ayeeyo. Ni vyako?"

Ayeeyo akavipeleka kwa Fosiya. Akamwambia taratibu, kwa mnong'ono, mlango umefungwa: walio ndani si wao, wao tuliwafungia nje, kile kitu kilikatiwa kamba kikiwa kimeshaingia. Fosiya alivisukuma vipande kwa kidole.

"Mama, watoto wangu wanakula, wanalala, wanasema. Jini inaweza kukuambia kikombe ili uifungulie. Maalim amesema imeisha." Akamshika mkono. "Usinirudishe huko. Nakuomba. Mimi siwezi kurudi huko."

Na ni nani angemlaumu. Watoto walikuwa kama tunda. Muhula uliofuata Faysa alikuwa wa kwanza darasani, na mwalimu wake Gathoni akamwandikia mama kwamba hajapata kuona mtoto mtulivu hivyo. Abdijabar hakupata hata mafua. Nthenya pekee ndiye aliyegundua kwamba hawanunui tena barafu, lakini alidhani wamekua.

Ayeeyo alianza kutoka kila adhuhuri. Alifungua lango, akatembea kwenye ploti tupu na chupa ya maji na ndala ndogo pea mbili, akiwaita. Mwanzoni mtaa ulimhurumia. Baadaye wakasema umri. Mafundi waliokuja kusimamisha nguzo za sengenge walimcheka, halafu wakaacha kumcheka, kwa sababu alikuwa akiwaomba waache nafasi chini, ya mtu wa kimo hiki.

Mwaka ulipogeuka, watoto walimwendea baba yao siku aliyokuwa nyumbani. Hawakushtaki. Walisema wanampenda Ayeeyo, ila jua la mchana linamuumiza, na kule Kajiado mjini kwa binti wa dada yake kuna kivuli. Abdiladif alitokwa machozi kwa utu wao. Wiki hiyo hiyo akamtafuta Mureithi, kijana wa pikapu aliyekuwa akiwabebea nyasi, amfikishe mama na sanduku lake na mkeka wake.

Waliondoka karibu saa sita. Watoto walisimama langoni wakipunga mkono mpaka gari likaingia lami.

Hawakufika mbali. Kule sengenge zinapoisha na nchi kubaki wazi, Mureithi alipunguza mwendo. Alikuwa kijana wa kucheka, lakini sasa uso ulikuwa umemkauka, anatazama kioo cha pembeni.

"Shosho, kuna watoto umeacha nyuma?"

Ayeeyo akageuka. Nyuma barabara ilikuwa tupu, ila vumbi tu, mavumbi madogo mawili, yakija mbio pembeni mwa lami. Na juu ya mlio wa injini, wazi kabisa, kulikuwa na sauti ya msichana aliyekaukiwa akiita Ayeeyo.

"Simama," akasema. "Ni wajukuu wangu. Simamisha gari, mwanangu."

"Mimi sioni mtu."

"Si unawasikia."

"Nawasikia, Shosho." Mureithi akabadilisha gia. "Ndio maana sisimami."

Alimshika mkono, akamwomba kwa jina la mama yake, akapapasa mlango ambao ulikuwa hauna mkono wa ndani. Kijana hakumtazama tena. Alikanyaga mafuta, akapandisha vioo vyote viwili, na Ayeeyo Kafiya akabaki amebandika kinywa kwenye kioo, akiitika, akiitika, Niko hapa, mama, niko hapa, mpaka kioo kikawa cheupe kwa pumzi yake na hakuona tena kama wale wawili bado wanakimbia au wamekaa chini.